Sentensi ya Mwisho ya Utabiri

Jambo dogo alilolitambua Zeliha kwanza, tangu mwaka wake wa kwanza wa ndoa, ni kwamba watu wa nyumba ile hawakusikiliza utabiri wa hali ya hewa mpaka mwisho. Walisikiliza mpaka waliposikia neno theluji. Hapo kelele zilianza, na yote ambayo mtabiri aliendelea kuyasema yalisikiwa na mtu aliyekuwa kimya.

Aliyekuwa kimya ni yeye.

Ndugu zangu, nataka kuwasimulia habari za nyumba ya Mzee Hamdi, katika kijiji cha Sarıpelit, chini ya mlima Uludağ. Haikuwa nyumba ya ulevi wala ya ugomvi. Ilikuwa nyumba ya kicheko. Majirani walipita makusudi wapate kikombe cha chai na mzaha wa kwenda nao nyumbani. Lakini ilikuwa na desturi moja: mke wa mwana hafungui kinywa mbele ya baba mkwe. Hamsalimu kwa sauti, hamjibu, hacheki akasikika. Akiwa na neno analinong'ona sikioni mwa mtoto, na mtoto ndiye anayelisema. Katika nyumba nyingine pale kijijini baba mkwe alimpa mkwe wake bangili au mbuzi, ulimi ukafunguliwa, mambo yakaisha. Mzee Hamdi hakutoa chochote. Si kwamba alikuwa bahili. Alisahau tu, kisha akazoea, na miaka sita ikapita.

Kinywa cha Zeliha kilikuwa binti yake Elmas, mwenye miaka mitano.

Jioni hiyo ya Ijumaa jiko la makaa ya mawe lilikuwa linanguruma katikati ya sebule. Njugu za kizungu zilipasuka juu yake moja moja, na maganda ya machungwa yalinukia pembeni. Televisheni enzi hizo ilikuwa na chaneli moja, na nchi nzima ilikuwa inamtazama bwana mmoja mwenye fimbo aliyesimama mbele ya ramani.

"Nyamazeni! Anaanza!" alisema Mzee Hamdi, ingawa ni yeye peke yake aliyekuwa anaongea.

Bwana wa fimbo alianzia mashariki. Erzurum na Kars, theluji nzito, barabara za vijijini huenda zikafungwa. Pwani ya kusini, dhoruba na radi, wavuvi wasitoke. Pwani ya kaskazini, mvua. Kisha fimbo ikasogea magharibi.

"Kwetu hapo!" Elmas akaruka. "Babu, kwetu!"

"Kesho Jumamosi," alisema mtabiri, "joto katika eneo la Marmara litapanda nyuzi kumi juu ya kawaida, na upepo wa kusini, lodos, utavuma kwa nguvu ya dhoruba. Jumapili mchana upepo utageuka kuwa wa kaskazini, joto litaanguka ghafla, na mvua itageuka theluji. Theluji nzito."

Nyumba ililipuka.

"Nilisema!" Mzee Hamdi alijipiga paja. "Goti langu lilisema tangu Jumanne!"

"Goti lako linasema tangu Oktoba," alijibu mkewe, Bi Şerife, bila kuinua macho kwenye ufumaji wake.

"Babu, tutakula theluji na asali ya zabibu?"

"Bakuli mbili! Moja yako, moja ya tumbo lako!"

Tayari mzee alikuwa amefungua dirisha na kutoa kichwa nje. "Rüştem! Ee Rüştem! Umesikia? Jumapili! Mpaka kiunoni!"

Jirani Rüştem akajibu kutoka dirisha la pili. "Mwaka jana ulisema mpaka shingoni, Hamdi, tukapata umande!"

"Utakuja kuniazima koleo, nitakuuliza huo umande umefika wapi!"

Katikati ya vicheko hivyo, Zeliha alikuwa amesimama karibu na mlango na sinia ya chai. Alisikia sentensi ya mwisho. Mtabiri aliisema haraka, macho yakiwa kwenye karatasi: "Kwa sababu ya lodos, wananchi wanaotumia majiko ya makaa ya mawe wajihadhari na gesi yenye sumu, ambayo huweza kurudi ndani kupitia dohani." Kisha muziki, kisha habari za mpira.

Kusikiliza mpaka mwisho alifundishwa na mume wake, Yakup. Yakup alikuwa dereva wa gari kubwa la kusukuma theluji barabarani, na utabiri wa namna hii ulimaanisha kwamba ameshaitwa kukaa tayari kule kwenye njia ya mlimani. "Theluji kila mtu anaitangaza," alimwambia mkewe siku moja. "Barafu, maporomoko, ukungu, hayo huwekwa mwishoni. Mimi naishi kwa hayo ya mwishoni." Zeliha aliacha shule darasa la tatu na kusoma kwake kulikuwa kwa shida, lakini sikio lake halikupoteza neno.

Alimvuta Elmas na kumnong'oneza.

"Babu," alisema Elmas, macho bado yapo dirishani, "Mama anasema televisheni imesema jiko lina sumu kesho."

Mzee Hamdi alicheka. Zeliha alikuwa hatua mbili kutoka alipo, angeweza kumgusa bega, lakini jibu alimpa mtoto. "Mwambie mama yako jiko hili nililiwasha kabla yeye hajazaliwa. Halijamuua hata inzi."

"Mama, Babu anasema..."

Zeliha aliitikia kwa kichwa kwamba amesikia.

Asubuhi ya Jumamosi kijiji kiliamka kama watu wanaosubiri harusi. Lodos ilikuwa imeingia. Vijiti vya barafu vilidondoka kutoka kwenye mapaa na kuvunjika uani, kuku walitoka nje wakishangaa, wanawake walivua sweta zao wakasema hii ni Aprili imepotea njia. Wakati huohuo kila mtu alikuwa anajiandaa kwa theluji ya kesho. Kuni zilibebwa, ng'ombe walitandikiwa majani makavu, na dukani mikate iliisha kabla ya saa nne.

Mzee Hamdi alijiandaa kuliko wote. Alichukua matambara na magazeti ya zamani, akaziba kila ufa wa madirisha ya sebule. "Baridi ya kesho ikitaka kuingia hapa, ibishe hodi!" alisema. Kisha alilitazama jiko. Joto la nje lilikuwa limemfanya atoe jasho. Basi akayamwagia makaa vumbi la makaa lenye unyevu ili yafukute polepole, na akakigeuza kibati cha ndani ya bomba mpaka njia ya moshi ikabaki nyembamba. Moto alitaka autunze mpaka kesho, theluji itakapofika.

Nawaomba mtazame vizuri hapo. Alifunga nyumba kwa ajili ya baridi ambayo haijafika, katika siku ya joto, upepo ukiwa unasukuma moshi kurudi chini. Na alifanya yote kwa upendo.

Zeliha alikuwa uani anafua, maana upepo ule unakausha shuka kabla hujamaliza kuianika. Ndipo akaona moshi wa dohani ya Rüştem. Haukupanda. Ulishuka juu ya vigae, ukatambaa mpaka ukingoni, ukamwagika ukutani. Aliitazama dohani ya kwao. Vilevile.

Aliingia ndani. Babu na mjukuu walikuwa wamekaa mkekani kando ya jiko, wanasugua mshumaa chini ya ubao wa kutelezea ili kesho uende kasi. Bi Şerife alikuwa amelala kwenye kochi, amejifunga kitambaa kichwani na vipande vya kiazi kibichi ndani yake.

"Lodos imeniingia kichwani," alilalamika. "Kila mwaka ni hivi."

Hapa ndipo kijiji kizima kilipokuwa kinakosea, si nyumba hii peke yake. Lodos ikivuma, watu huumwa kichwa. Bibi zao waliumwa, mama zao waliumwa, kwa hiyo mtu akiumwa kichwa siku ya lodos hajiulizi kitu. Anakata kiazi, anajifunga kitambaa, anajilaza. Na pa kujilaza pazuri ni karibu na jiko.

Zeliha aliinama sikioni mwa Elmas. "Mwambie Babu afungue dirisha moja."

"Babu, Mama anasema ufungue dirisha."

"Dirisha? Nimeziba asubuhi nzima, mgongo umenikatika! Mwambie mama yako theluji ikishafika atanishukuru."

"Mama," Elmas alisema kwa sauti ndogo, "na mimi kichwa changu kina lodos."

Bi Şerife akacheka kwenye kochi. "Huyu amekuwa mtu mzima. Njoo, nikukatie kiazi."

Zeliha alisimama kidogo. Kisha akarudi kwenye nguo zake. Angefanya nini? Ndivyo alivyojiuliza, na ndivyo sisi wengi hujiuliza tukitaka kuondoka mahali.

Baada ya adhana ya adhuhuri alimaliza kuanika. Uani palikuwa na kelele za shuka zinazopigwa na upepo, mbwa wanabweka, watoto wa Rüştem wanaimba wimbo wa theluji wanaoutunga wenyewe. Ndani ya nyumba yake hapakuwa na sauti yoyote. Elmas, ambaye tangu jana alikuwa hanyamazi, hakuwa anaimba na wenzake.

Alisukuma mlango. Mzee Hamdi alikuwa palepale mkekani, ameegemea ukuta, kinywa wazi, uso mwekundu.

"Mlango!" alisema kwa ulimi mzito. "Funga mlango."

Mkono wa Zeliha uliufunga.

Alimtafuta mtoto ili amnong'oneze. Elmas alikuwa amelala kifudifudi juu ya ubao, mshumaa bado kiganjani. Zeliha alipiga magoti, akamwita taratibu sikioni kama kawaida yao. Akamtikisa. Kichwa kilianguka upande mmoja na hakikurudi. Bi Şerife naye hakusogea.

Hapakuwa na mtu wa kumsemea.

"TOKA!"

Hata yeye hakujua kama sauti hiyo ilikuwamo ndani yake. Ilikuwa nene, na iligonga kuta. "Baba, toka nje! Ni gesi! Toka!"

Macho ya mzee yalifunguka. "Nani huyo?"

"Mimi!"

"Wewe nani?"

Hakuwa na muda wa kujitambulisha. Alimbeba Elmas mpaka uani, akamlaza juu ya shuka mbichi, akarudi mbio. Aliuacha mlango wazi, akang'oa matambara ya dirisha la kwanza, akavunja kioo cha dirisha la pili kwa ule ubao. Alilikamata zulia lililotandikwa kwenye kochi, akamvuta Bi Şerife pamoja nalo mpaka sakafuni, kisha akaliburuta zulia na mtu wake kuvuka kizingiti. Viazi vilisambaa njia nzima.

Mzee Hamdi alijaribu kusimama akaketi. "Miguu imekataa."

"Basi tambaa!"

"Unanifokea mimi?"

"Nakufokea! Tambaa, Baba! Kama mtoto, mikono na magoti! Upesi, mzee mkaidi we!"

Akatambaa. Mtu aliyekuwa anaheshimiwa katika vijiji vitatu alitambaa kuelekea sauti ya mkwe wake, na kila alipopunguza mwendo sauti ikamchapa tena.

Rüştem na mkewe Fikriye waliruka ukuta. Baadaye Rüştem alieleza kwamba mayowe pekee yasingemtoa, maana siku ya lodos watu hupiga mayowe kwa mambo mengi, bati limeruka, ng'ombe amekatika kamba. Kilichomtoa ni kwamba aliisikia sauti ya mwanamke asiyemfahamu. "Miaka sita tumepakana," alisema, "nilidhani ni mgeni anauawa."

"Zeliha! Ni wewe unayepiga kelele?" Fikriye alishika mdomo.

"Trekta! Shemeji, washa trekta!" Zeliha alisema, na Rüştem akakimbia bila kuuliza tangu lini anaamrishwa na jirani huyu.

Njia ya kwenda mjini ilikuwa kilomita kumi na moja. Upepo ulikuwa umeangusha mti mrefu wa mpopla katikati ya barabara, nguzo ya simu imelala, mvua ya uvuguvugu inawapiga usoni. Rüştem na wanaume wawili waliokutwa hapo waliuinua mti wakihesabu moja, mbili, tatu. Zeliha alikuwa kwenye tela, Elmas kifuani, mkono mmoja juu ya uso wa Bi Şerife kuukinga na mvua. Muda wote huo alikuwa anaongea. "Elmas, amka. Elmas, mwambie Babu. Mwambie Babu chochote. Sema, mwanangu, sema."

Walipovuka mti ule, Elmas alitapika, kisha akalia. Kilikuwa kilio cha hasira, cha mtoto aliyeamshwa kwa nguvu. Mzee Hamdi, aliyekuwa amejikunyata pembeni, alifunika uso kwa kofia yake na mabega yakaanza kutikisika.

Hospitalini walivalishwa barakoa za hewa safi wote watatu. Elmas alikuwa anauliza mambo kabla ya jua kuzama. Mzee Hamdi alipona maumivu ya kichwa siku iliyofuata. Bi Şerife aliamka Jumapili asubuhi, akamjua mumewe, akamjua mkwe wake, lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa umelegea. Mkono huo haujapata nguvu tena. Sweta la Elmas lililokuwa kwenye sindano likamaliziwa na Fikriye.

Jumapili mchana upepo ukageuka, kama ilivyosemwa. Mvua ilinyamaza kwa dakika chache, kisha theluji ikaanza kuanguka, mapande makubwa, na wagonjwa wote wanaoweza kusimama wakajaa madirishani wakishangilia kana kwamba ni goli. Yakup alifika jioni na gari lake kubwa la njano, akisukuma njia mbele yake mpaka mlango wa hospitali, nusu kwa kazi nusu kwa ajili ya watu wake. Alimkumbatia mkewe mbele ya baba yake, na baba yake hakukohoa.

Mzee Hamdi alisubiri mpaka watu walipotulia. Kisha akamtazama Zeliha, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita, akili zake zikiwa timamu, akamwelekezea neno yeye mwenyewe.

"Mwanangu. Ulijua tangu lini?"

"Tangu Ijumaa, Baba."

"Uliniambia?"

"Nilimtuma Elmas. Mara mbili."

"Nikajibu nini?"

"Kwamba jiko hilo halijaua hata inzi."

Bi Şerife alisogeza barakoa yake kidogo. "Muulize na goti lake lilisema nini."

Mzee alicheka kidogo, kicheko kikakatika njiani. Akajikaza, akasema kwa sauti ya kusikika wodi nzima, "Kuanzia leo mkwe wangu ana ruhusa ya kusema mbele yangu."

"Jana sikungoja ruhusa, Baba," alisema Zeliha.

Mzee aliinamisha kichwa. "Kweli," akasema. "Hukungoja. Mungu akuweke."

FUNZO

Wasomaji wangu, lodos haikutaka kuiua nyumba ile. Upepo ni upepo, na serikali ilikuwa imetangaza, bure, kwa lugha ambayo mtoto anaielewa. Sikilizeni utabiri mpaka mwisho, hata kama ile sehemu inayowafurahisha imeshapita. Siku ya joto katikati ya baridi msiidharau. Fungueni dirisha. Kichwa kikiuma ndani ya nyumba yenye jiko, tokeni nje kwanza, lawama kwa upepo mtazitoa mkiwa kwenye hewa safi.

Lakini hilo ni funzo dogo. Kubwa ni hili: nyumba ambayo mtu mzima hana ruhusa ya kusema imejiziba sikio lake yenyewe. Mzee Hamdi hakuwa mbaya, na ndiyo maana namsimulia. Wabaya tunawajua. Tuwaogope watu wema waliosahau kwamba kuna mtu kati yao hajaongea kwa miaka sita, wakahesabu kimya hicho kuwa adabu. Baba, mkwe wako hajakuomba bangili. Mpe sikio. Na wewe uliyenyamazishwa, usingoje mtoto akose pumzi. Sema ukiwa bado una mtu wa kukujibu.

Kimya cha kulazimishwa hakikai kama kilivyowekwa. Kinaoza, kinakuwa kitu kingine, na hilo Zeliha analijua kuliko wengi. Lipo jambo ambalo hakumwambia Yakup, wala Bi Şerife, wala yule mzee alipomwombea kwa Mungu. Alipoambiwa "Funga mlango" na mkono wake ukaufunga, haikuwa mazoea. Alikuwa ameshaziona nyuso za wakwe zake wawili, na sentensi ya mtabiri alikuwa anaikumbuka neno kwa neno. Alisimama ameshika kitasa, kwa muda wa pumzi moja au mbili, kabla macho yake hayajamfikia Elmas. Leo anataka lisemwe kwa maneno yake mwenyewe:

"Sikuwa naogopa. Nilikuwa na hasira. Nilisema moyoni: mlitaka ninyamaze, haya, nimenyamaza."